Milango na viambaza vya Kijapani: tusiishie kwenye "hawatumii msumari"

RandaKavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Magrupu ya mafundi hayakai muda bila ile video kupita: Mjapani anaunganisha mbao mbili, zinaingia taratibu, mstari wa kiungo unapotea, halafu chini maoni ni yale yale, "hawa jamaa hawatumii msumari hata mmoja". Nimeona nianzishe uzi kwa sababu sifa hiyo inaiacha pembeni kazi yenyewe. Misumari wanayo tangu zamani. Hekalu la Horyuji pale Nara, lenye majengo ya mbao ya kale kuliko karibu yote yaliyosimama duniani leo, lina misumari ya chuma iliyofuliwa kwa mkono. Mimi kazi yangu ni milango, na kinachonivuta kwao ni kitu kingine. Fundi wa milango wa Kijapani anajua ubao utapinda kuelekea wapi, na anauachia njia. Anajua mahali pa kukaza, na anajua zaidi mahali pasipotakiwa kukazwa.

Kwanza tutenganishe kazi. Anayesimamisha nguzo na paa ni seremala wa nyumba, wao humwita daiku. Anayetengeneza milango, madirisha na viambaza vya kusogezwa ni fundi mwingine kabisa, tateguya, na vitu hivyo vyote kwa pamoja huitwa tategu. Karatasi na vitambaa vya kubandika vina fundi wake wa tatu. Tateguya ana karakana yake na randa zake, na serikali ya Japani ina mtihani wa ufundi kwa kazi hiyo peke yake. Nyumba ikishasimama anakuja kupima kila uwazi mmoja mmoja, maana kwenye nyumba ya mbao hata nafasi zenye kipimo kimoja hupishana kidogo, kisha anarudi kuunda.

Anachounda ni cha aina nyingi. Kuna shoji, fremu yenye fito nyembamba iliyobandikwa karatasi inayopitisha mwanga. Kuna fusuma, kiambaza cha kugawa vyumba ambacho fito zake zimefichwa ndani ya matabaka ya karatasi pande zote mbili. Kuna milango ya ubao mtupu, kuna amado za kuzuia mvua nje kabisa, kuna milango ya fito za wima ya upande wa barabara, na kuna ranma, ule urembo wa juu ya kizingiti unaopitisha hewa kutoka chumba hadi chumba.

Historia sitaikalia sana. Katika nyumba za wakubwa wa Kyoto zama za Heian (794 hadi 1185), ukumbi ulikuwa mmoja mpana, na watu waliugawa kwa mapazia, chiki za mianzi na viambaza vya kukunja. Karne ya 12 shoji za kupitisha mwanga zilikuwa zimeshaanza kutumika. Chumba kidogo cha Dojinsai, ndani ya jengo la Togudo kwenye hekalu la Ginkakuji, Kyoto, ni cha mwaka 1486, na ukikitazama unakiona chumba cha Kijapani tunachokijua leo: mikeka ya tatami imejaza sakafu, shoji upande wa mwanga, fusuma upande wa ndani. Karne hizo hizo za 15 na 16 ndipo msumeno mkubwa wa kupasua wa watu wawili na randa ya kigogo vilipoenea. Kabla ya hapo mbao zilipasuliwa kwa kabari na kulainishwa kwa kisu chenye umbo la mkuki. Fito nyembamba zinazolingana kwa mamia zilihitaji zana hizo.

Naendelea chini na mifuo, ile mifereji ya kutelezea mlango. Wenye maswali msisubiri.

---

Kisiki

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

---

RandaKavu

Haya, mifuo.

Shoji na fusuma za asili hazina bawaba wala gurudumu. Mlango unakaa kati ya mbao mbili zilizochimbwa mifuo, moja chini (shikii) na moja juu (kamoi). Mfuo wa chini una kina cha milimita 2 au 3 hivi, wa juu unafika 15. Kuupachika mlango unauinua, unaingiza kichwa chake kwenye mfuo wa juu mpaka ndani, unauleta wima, unaushusha kwenye mfuo wa chini. Basi. Kuutoa unauinua tena. Hakuna bisibisi.

Sasa angalieni hesabu. Upana wa mfuo ni bu 7 (bu na sun ni vipimo vya kale vya Kijapani), karibu milimita 21. Ukingo kati ya mfuo na mfuo ni bu 4, karibu 12. Ukijumlisha, kutoka katikati ya mfuo mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 33. Mlango wenyewe una unene wa sun 1, yaani milimita 30. Milango miwili ikipishana, kati yake hubaki nafasi ya milimita 3 tu. Ukiwa ndani ya chumba, wa kulia ndio unaokuwa mbele. Ikiwa ni minne, ya katikati miwili ndiyo iko mbele.

Kwa kuwa tategu zinatolewa kwa mikono, nyumba hubadilishwa kulingana na shughuli. Kukiwa na harusi au msiba, fusuma zote zinaondolewa na vyumba vitatu vinakuwa ukumbi mmoja. Kyoto, kwenye nyumba za zamani za wafanyabiashara, karibu na mwezi wa 6 huondoa shoji na fusuma na kuweka milango ya matete inayopitisha upepo, kisha Septemba wanarudisha. Osaka zama za Edo (1603 hadi 1868) ilikuwa kubwa zaidi ya hapo: nyumba nyingi zilipangishwa tupu, mpangaji anakuja na mikeka yake na milango yake. Hilo liliwezekana kwa sababu vipimo vya vyumba vilifuata kipimo cha tatami, hivyo mlango uliotoka nyumba moja ulikaa kwenye nyumba nyingine.

Jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha kazi hii halionekani kwenye video yoyote. Ubao uliopasuliwa kwa ubavu una upande uliokuwa karibu na gome na upande uliokuwa karibu na moyo wa gogo. Ukikauka, unapinda na kubonyea kuelekea upande wa gome. Kila fundi hapa ameona hilo hata kama hajawahi kulisema. Wajapani wanachimba mifuo upande wa gome kwa mbao zote mbili. Kwa hiyo wa juu, gome linatazama chini, na ubao ukipinda katikati yake inakwenda juu. Wa chini, gome linatazama juu, na ukipinda katikati yake inashuka. Zote mbili zinaukimbia mlango. Ukikosea upande mmoja tu, baada ya misimu michache mlango unabanwa na hautoki, na hapo utalaumu mvua wakati kosa lilifanyika siku ubao ulipowekwa kwenye meza.

Zaidi ya hapo, wakati wa kufunga kamoi seremala huiacha imeinuka kidogo katikati, kwa sababu uzito wa ukuta wa juu yake utaishusha polepole. Na kwenye mfuo wa chini, pale panapolika kwa kusuguliwa, huingiza ukanda mwembamba wa mti mgumu kama mwaloni. Ukilika unatolewa, unawekwa mwingine.

---

MwanaTanga

Mkuu RandaKavu hapo kwenye upande wa gome umenifungua. Nina milango inabana kila masika na nilikuwa naipunguza kwa randa tu.

Swali langu: Japani nako si kuna mvua kubwa na joto la unyevu? Karatasi na fito nyembamba vile zinavumiliaje?

---

NipoGifu

Nijibu sehemu ninayoiona kwa macho. Naishi mkoa wa Gifu, katika nyumba ya zamani ya kupanga. Mwezi wa 6 hadi katikati ya wa 7 ni msimu wa mvua, unyevu unapanda hadi nguo hazikauki ndani. Mlango wa bafuni wa mbao za kubandikwa, ule wa kisasa, unavimba na kugoma. Shoji zinateleza vilevile. Kinachobadilika ni karatasi, inalegea kidogo siku za mvua na kujivuta yenyewe jua likitoka.

Huku Gifu ndiko inakotoka karatasi ya Mino. Inatengenezwa kwa nyuzi ndefu za gamba la mti wa kozo, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi pamoja na karatasi za Sekishu na Hosokawa. Ukiishika dhidi ya mwanga unaona nyuzi zenyewe zimelala huku na huku. Haichaniki kirahisi kama watu wanavyodhani, ila kidole cha mtoto kinapita.

Mwisho wa mwaka, kwenye usafi mkubwa, familia nyingi hubadilisha karatasi. Watoto wanaruhusiwa kuitoboa kwanza, na wanaifurahia siku hiyo kupita maelezo. Halafu mnalowesha fito kwa maji upande wa gundi, mnasubiri, karatasi inatoka nzima. Gundi ni ya wanga, haing'ang'anii mbao. Mama mwenye nyumba alinionyesha kwamba unabandika kuanzia chini kwenda juu, ili kila kipande cha juu kilalie kidogo kile cha chini. Ukifanya kinyume vumbi linakaa kwenye ukingo na baada ya muda unaona mistari myeusi. Karatasi inabandikwa upande wa nje, hivyo aliye ndani ya chumba ndiye anayeziona fito.

Tundu dogo likitokea katikati ya mwaka hawabadilishi yote. Wanakata kiraka chenye umbo la ua wanabandika, na mtu anaona ni pambo.

---

RandaKavu

Ndugu NipoGifu, ahsante sana. Hilo la maji na gundi ya wanga naomba wote mliweke akilini. Mlango umeundwa ukijua kwamba karatasi itavuliwa mwisho wa kila mwaka, na fito hazitakiwi kuumia.

MwanaTanga, kuhusu unyevu. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Na kwa upana nako kuna tofauti: ubao uliopasuliwa kwa ubavu unasinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo, wenye mistari iliyonyooka sambamba. Tateguya anachagua huo wa mistari iliyonyooka, wa hinoki au sugi (miti ya Kijapani ya jamii ya saipresi), uliokauka vizuri, usio na fundo. Hinoki ya milima ya Kiso na sugi ya Akita zina jina kubwa kwa sababu miti ilikua polepole kwenye baridi, pete zake zimebanana na zimenyooka.

Kisha tazama shoji ilivyo. Fito ina upana wa milimita 6 hadi 9 na kina cha 15 hivi. Upana mdogo hivyo hata ukivimba, umevimba kiasi gani? Urefu wa mlango unabebwa na miti ya wima, upana unabebwa na miti ya ulalo, na yote inafuata nyuzi. Kwa hiyo kipimo cha mlango mzima hakisogei. Kama kuna ubao mpana sehemu ya chini, huo haukazwi. Unaingia kwenye mfuo wa fremu bila gundi, unacheza ndani yake utakavyo. Ukiutia gundi kuzunguka pande zote, siku utakaposinyaa utapasuka, maana hauna pa kwenda.

---

Nahodha_wa_Mbao

Mimi natofautiana kidogo. Hizi sifa za nje tunazipa uzito mno. Milango ya Unguja na Lamu ina mfaa katikati, ina nakshi, imekaa karne na zaidi kwenye chumvi ya bahari, na haina bawaba, inazunguka kwa vigingi vyake. Mbona hatuandiki nyuzi ndefu hivi?

---

RandaKavu

Mkuu Nahodha, uandike, na mimi nitakuwa wa kwanza kusoma. Nimeikarabati milango ya aina hiyo na nawaheshimu walioiunda. Ila ni kazi mbili tofauti. Mlango wa Unguja ni wa kukabili barabara: unalinda, unatangaza mwenye nyumba ni nani, unabeba uzito. Tategu nyingi ninazozieleza zinaishi ndani ya nyumba, kati ya chumba na chumba. Na hata hivyo zinakutana mahali pamoja, kwamba wote waliukimbia msumari pale mti unapohitaji kuzunguka au kuteleza.

---

Mama Tausi

Mimi si fundi, nasoma tu kwa kupenda. Sasa mwanangu RandaKavu, nyumba ya karatasi mwizi anazuiliwa na nini?

---

RandaKavu

Shikamoo Mama Tausi.

Mwizi anakutana na amado kwanza. Ni milango ya mbao mitupu inayopita kwenye mfuo mmoja upande wa nje kabisa wa baraza, mmoja nyuma ya mwingine, jioni inavutwa yote hadi mwisho. Asubuhi inasukumwa kurudi kwenye kasha lililojengwa ukutani, inalala humo imejipanga. Wa mwisho una komeo la mti linaloshuka kwenye tundu la kizingiti cha chini au kupanda kwenye cha juu, na ukishafungwa huo, ile mingine haiwezi kutoka kwa sababu yote iko kwenye mfuo mmoja. Amado zilienea zama za Edo, na ndizo zilizowezesha ndani kubaki na karatasi tu bila hofu ya dhoruba.

---

BintiMkangazi

Naomba tufike kwenye fito zenyewe. Zile nakshi za nyota nyota zinaungwaje? Nimejaribu kutazama kwa kusimamisha video lakini mikono yao inakwenda haraka.

---

RandaKavu

Dada, hapo ndipo nilipotaka tufike. Nitaanza na fito za kawaida za shoji, kisha nakshi.

Fito za wima na za ulalo zinapokutana, kila moja inakatwa nusu ya kina chake, zinaingiliana na uso unabaki sawa. Ufito mmoja unaweza kukutana na wengine mara kumi. Ukipima na kukata kila mmoja peke yake, makosa yanajumlishana na mwisho mraba mmoja hautalingana na mwingine. Kwa hiyo fito zote za upande mmoja zinapangwa kwa pamoja zikiwa zimebanwa ubavu kwa ubavu, zinachorwa mstari mmoja unaozipita zote, na msumeno mwembamba wenye mgongo wa chuma unazikata zote kwa mkupuo. Hata ukikosea nusu milimita, umekosea kwa zote sawa, na miraba bado inalingana.

Upana wa mkato unafanywa mdogo kidogo kuliko unene wa ufito. Ufito hauingizwi kwa nguvu. Fundi anagonga mbavu za ufito polepole kwa nyundo mpaka nyuzi zibonyee, wao huita kigoroshi, kisha anaupachika ukiwa mwembamba. Ukipata unyevu kidogo, nyuzi zinavimba kurudi zilivyokuwa na kiungo kinajikaza chenyewe. Wanafanya hivyo hivyo kwenye ndimi za fremu kabla ya kuziingiza kwenye matundu. Gundi ya zamani ilikuwa wali uliosagwa kwa kibapa mpaka uwe laini kabisa, na ilipakwa kidogo tu.

Kuna mfungo unaoitwa jigoku-gumi. Kwa kawaida mikato ya fito za wima yote iko upande mmoja na ya fito za ulalo upande mwingine, unalalisha kundi moja juu ya jingine. Kwenye jigoku-gumi mikato inapishana, mmoja juu, unaofuata chini, kwa fito za pande zote mbili. Unazisuka kama ukili, unazikunja kidogo kidogo mpaka zote zimeingia, na zikishaingia hakuna upande wa kuzitolea. Ufito mmoja ukivunjika baadaye ni kazi nzito kuutoa, ndiyo maana kwenye shoji za kawaida hawautumii kila mahali. Ila kiambaza chake hakilegei.

Sasa nakshi za fito, ambazo wao huziita kumiko. Zina makundi mawili. La kwanza msingi wake ni mraba. La pili msingi wake ni pembetatu, ambako fito tatu zinakutana mahali pamoja kwa pembe za nyuzi 60. Hapo nusu kwa nusu haitoshi. Ufito wa kwanza unakatwa theluthi mbili kutoka juu. Wa tatu unakatwa theluthi mbili kutoka chini. Wa katikati unakatwa theluthi moja juu na theluthi moja chini. Ukizilaza kwa mpangilio, zote tatu zinakaa kwenye kina cha ufito mmoja. Chora kwenye karatasi kwanza, utaelewa haraka kuliko maneno yangu.

Ile nyota uliyoiona pengine ni asanoha, jani la asa, mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi. Mmea huo unakua haraka na kunyooka, kwa hiyo nakshi hiyo iliwekwa pia kwenye nguo za watoto wachanga kuwatakia wakue hivyo. Kwenye msingi wa mraba inatengenezwa hivi: kila mraba unapata kipande cha mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha vipande vidogo vinavyojikunja kwenye pembe mbili zilizobaki, na vingine viwili vya kufunga katikati. Ncha zake zinachongwa kwa nyuzi 22.5, 45 na 67.5. Fundi hapimi pembe kila mara. Ana vipande vya mti vilivyokatwa pembe hizo tayari, anaingiza kijiti kwenye mfuo wa kipande hicho, anapitisha patasi pana iliyonolewa vizuri, ncha inatoka na pembe ileile mara mia. Ndani ya miraba hakuna gundi nyingi wala msumari. Kipande cha mwisho kinabana vyote, na kikiwa kifupi kwa unene wa unywele, vyote vinacheza.

Miji miwili ina jina kwa kazi hii: Kanuma, mkoa wa Tochigi, na Okawa, mkoa wa Fukuoka. Kanuma iko karibu na Nikko, na wenyeji wanaihusisha kazi yao na mafundi waliokusanywa kujenga hekalu la Toshogu miaka ya 1630.

---

Kisiki

Mkuu, ulisema msumari wanautumia. Kwenye tategu hizi uko wapi?

---

RandaKavu

Upo kwenye fusuma, na ni mahali pazuri pa kujifunza. Ndani ya fusuma kuna fito, juu yake matabaka ya karatasi. Tabaka la kwanza linabandikwa lote ili lizishike fito. La kati linabandikwa kingo tu, katikati linabaki huru, hivyo kuna hewa kati yake na la chini. La mwisho ndilo linaloonekana, wakati mwingine limechorwa. Zile picha za ukoo wa Kano kwenye ngome ya Nijo, Kyoto, za mwaka 1626, zimechorwa juu ya viambaza vya namna hiyo. Fremu ya nje, mara nyingi iliyopakwa laka, inashikwa na misumari iliyokunjwa: kichwa kinaingia kwenye tundu la fremu, fremu inasogezwa kwa urefu, inajifunga. Ukitaka kubadilisha karatasi unaigonga kinyume, inachomoka nzima. Na kile kishikio cha shaba cha kuingiza vidole kinashikwa na visumari vidogo viwili.

Kwa hiyo msumari unatumika pale unapomruhusu fundi ajaye kufungua. Hawautumii pale unapomzuia.

---

Nahodha_wa_Mbao

Hapa umeniingia. Lakini kazi hii ina soko bado? Huko nako si alumini imetawala kama kwetu?

---

NipoGifu

Imetawala. Upande wa nje wa nyumba karibu zote ni alumini na kioo, na ilianza kuenea miaka ya 1960. Shoji imebaki ndani, nyuma ya kioo, na nyumba nyingi mpya zina chumba kimoja tu cha tatami au hazina kabisa. Karakana za tategu za mtaani zinafungwa mzee akistaafu. Mimi nilipotaka ufito mmoja uliovunjika ubadilishwe, mwenye nyumba alihangaika sana kumpata fundi wa jirani.

---

RandaKavu

Ni kweli na inaniuma. Wanaobaki wanaishi kwa mahekalu, nyumba za chai, hoteli, na nakshi za kutundika ukutani. Desemba 2020 UNESCO iliorodhesha ujuzi wa Japani wa kutunza majengo ya mbao, fani 17 kwa pamoja, na utengenezaji wa tategu ni mojawapo. Kuna pia jumba la zana za seremala pale Kobe, Takenaka, lililofunguliwa mwaka 1984. Nashukuru vipo, lakini orodha haimpi kijana mteja wa mwezi huu. Mteja ndiye anayeamua, na mteja wa Tokyo anapenda kisichohitaji kubadilishwa karatasi kila mwaka.

---

BintiMkangazi

Mimi nitajaribu. Nina karakana ndogo Iringa. Nianze na mbao gani na nianze na nini?

---

RandaKavu

Dada, uko mahali pazuri. Kwa fito, chukua saipresi inayopandwa nyanda za juu. Ni ya ukoo mmoja na hinoki na inarandika laini. Paina nayo inafaa ukichagua isiyo na mafundo. Usinunue ubao uliopasuliwa tayari kwa upana. Tafuta gogo au kipande kinene, ukipasue mwenyewe kuelekea moyo, uone mistari imenyooka sambamba mwanzo hadi mwisho. Fito ukishazipasua ziache zipumzike ndani ya karakana kwanza. Zitakazopinda zitajionyesha, hizo uzitenge.

Kwa vizingiti nenda na mninga. Unasinyaa kidogo sana, na hauliki haraka kwa msuguano.

Usianze na nyota. Anza na kiambaza cha fito tatu za wima na tano za ulalo, uzikate kwa pamoja zikiwa zimebanwa, uone kama miraba yote inalingana bila kutumia msasa. Randa yako iwe kali kiasi kwamba uso unang'aa bila msasa, kwa sababu msasa unazungusha kingo na kiungo kitaonekana kina mwanya hata kama kimebana. Kabla ya kubandika karatasi, ipachike na kuitoa kwenye mifuo mara kadhaa, msimu wa mvua na wa kiangazi.

---

BintiMkangazi

Nimeelewa. Saipresi nitaitafuta wiki hii. Mninga ninao, vipande viwili vya futi saba, vimekaa stoo tangu mwaka juzi. Nianze kuchimba mifuo?

---

RandaKavu

Subiri kidogo. Piga picha ya ncha ya kila kipande, pale pete zinapoonekana, uiweke hapa. Tutatazama upande wa gome ni upi na tukuonyeshe pa kuweka alama ya penseli, kisha uchimbe.